Sungura Waliozoea Damu ya Watu

Sungura hashikwi masikio. Mkisahau mengine yote nitakayoandika hapa, shikeni hilo. Unamkamata ngozi ya shingo kwa mkono mmoja, mkono wa pili unabeba matako, halafu unamweka kifuani afiche macho kwenye kwapa lako. Akiona giza ananyamaza. Ukimning'iniza atarusha teke, na sungura akirusha teke hewani anaweza kujivunja mgongo mwenyewe. Nimesikia mlio wake. Sitaki mwingine ausikie.

Mjukuu wangu Faith ndiye amenibana niandike. Anasomea kazi ya maabara, na likizo iliyopita alikuja hapa Huruma, Eldoret, akaniambia mimi babu yake, "Kuka, tumefundishwa dawa fulani inatengenezwa kwa sungura, inaonyesha kingamwili zilizokwama kwenye damu. Inakuja kwa chupa, rangi ya kijani." Nilicheka mpaka nikamwaga chai. Nikamwambia, "Yetu haikuwa ya kijani, na mimi nimewatoa sungura wake damu kwenye masikio yote mawili."

Sasa amewaambia wenzake chuoni, nao wanataka niwaandikie. Mimi elimu yangu ni darasa la sita. Mengi niliyaelewa nusu, na nusu ile nyingine pengine niliielewa vibaya. Nitajaribu kumpa kila mtu haki yake. Nikikosea mambo ya kisayansi, Faith atawasahihisha, na anapenda sana kunisahihisha.

Niliingia kazi hiyo kwa njia ya sungura. Baada ya uhuru wazungu wa upande wetu walianza kuuza mashamba, na mama mmoja mzungu niliyemfanyia kazi, ambaye alinifundisha kushika sungura, naye akauza. Waliofika kununua vyombo vyake walinunua kila kitu: trekta, makopo ya maziwa, hata milango. Sungura hakuna aliyewataka. Watu walisema ni chakula cha kuchezea. Akaja Bwana Desai kutoka mjini, Mhindi mwembamba mwenye miwani, msimamizi wa maabara ndogo iliyopimia hospitali damu. Akatazama vibanda, akatazama usafi wake, akauliza, "Nani anaosha hapa?"

"Mimi."

"Basi nachukua sungura na mwenye sungura."

Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa. Sikuulizwa cheti.

Desai alikuwa mtu wa usafi kupita kiasi. Vioo vilioshwa, vikasuuzwa, vikachemshwa, halafu yeye mwenyewe anavinusa. Alikaa West Indies, mtaa wa hapa mjini, na ilisemekana hata makaa ya jiko lake yalifutwa vumbi. Lakini alinifundisha kazi bila kunificha kitu. Eldoret kuna baridi, na asubuhi ya baridi mshipa wa sikio la sungura unajificha kabisa. Wengine wangechoma sindano ovyo. Desai alinifundisha kulowesha kitambaa kwa maji moto, kulifunika sikio, na kungoja. "Usigombane na sikio," alisema. "Sikio likipata joto litakuletea mshipa lenyewe." Mpaka leo nikiona watu wanalazimisha jambo namkumbuka na kile kitambaa chake.

Sasa nifike kwa Nafula, kwa sababu bila yeye haya yote ni hadithi za mifugo.

Nafula alikuwa mke wa Wekesa, dereva wa trekta, memba wa kampuni ya watu waliochanga wakanunua shamba la mzungu upande wa Cheptiret. Walikuwa na kijana mmoja mzima. Waliomfuata wawili walizaliwa wakawa manjano kama kiini cha yai, wakafa kabla ya kupewa majina. Watu walisema lile shamba lina laana. Mama mkwe wake alisema waziwazi kwamba huyu wa sasa akienda vilevile, Wekesa aoe mwingine. Nafula alinieleza hayo akiwa amenyoosha mkono nimfunge mpira Desai atoe damu. Hakulia. Aliniuliza tu, "Wewe Baba Sungura, ni kweli damu yangu inaua?"

Aliyejibu ni Daktari Njoroge, kijana aliyekuwa ametoka kusoma Makerere. Daktari huyu alikuwa na kiburi kidogo cha viatu vyake vya kung'aa, nisimsingizie zaidi ya hapo, ila alikuwa anajua kueleza. Alimwambia, "Mama, damu yako imekosa kitu kimoja ambacho damu ya mzee wako iko nacho. Mtoto wa kwanza alichukua cha baba. Mwili wako ulikiona siku ya kuzaa, ukasema, hiki ni kigeni, ukatengeneza kingamwili za kukipinga. Hizo kingamwili ndizo zinaingia kwa mtoto anayefuata, zinakwama kwa damu yake na kuivunja. Hakuna laana. Na huyu anaweza kuwa amechukua chako, awe salama. Hatujui mpaka azaliwe."

"Mkijua, mtafanya nini?"

"Tutambadilisha damu siku hiyohiyo."

Lakini kubadilisha damu ya mtoto mchanga si mchezo. Ukimbadilisha ambaye hakuhitaji, unaweza kumuua wewe. Ukichelewa kwa anayehitaji, amekwisha. Kwa hivyo ilibidi kuwe na njia ya kuuliza damu ya mtoto: kingamwili za mama zimekwama kwako ama hazijakwama? Dawa ya kuuliza hivyo ilitoka Ulaya. Iliyokuja kwetu ilikaa stesheni juani hata ikaoza, na nyingine hatukuahidiwa. Hospitali kubwa zilikuwa mbele yetu kwa foleni.

Desai akasema, "Basi tutatengeneza."

Jinsi yenyewe ni hii. Unachukua yale maji ya damu ya mtu, ya rangi ya majani makavu, ambayo ndani yake kingamwili zinaogelea. Unamdunga sungura. Sungura anaona kingamwili za binadamu ni kitu kigeni, naye anatengeneza zake za kuzikamata. Maji ya damu ya sungura huyo ndiyo dawa. Ukiiweka kwa damu iliyokwama kingamwili, chembe za damu zinashikana, unaona vijichanga juu ya kigae cheupe. Kama hakuna kitu, damu inateleza laini kama rangi ya kucha.

Nilimuuliza Desai kwa nini tusumbue sungura, tusitumie mtu. Alinitazama juu ya miwani. "Mtu gani atakamata kingamwili zake mwenyewe? Amekua nazo. Kwake si wageni." Nikaona nimeuliza ujinga. Kumbe nilikuwa nimegusa mlango wenyewe, ila sikujua kama ni mlango.

Tulichagua sungura wadogo wazuri, waliotoka tu kunyonya. Hapo ndipo mimi nilitoa shauri, na Desai akalipokea, kwa hivyo hesabu ya kosa hili naigawa katikati. Wafugaji mnajua, ng'ombe mpya akifika bomani hatupwi katikati ya kundi. Unamfunga kando, anasikia harufu, anazoea kidogo kidogo, ndipo unamchanganya. Nikasema, "Bwana, tuwazoeshe kwanza. Tuwape kidogo, pole pole, wasishtuke." Desai naye akaongeza lake la usafi. Aliyazungusha yale maji kwenye mashine muda mrefu, uchafu wote ukakaa chini, akachota ya juu tu, maangavu kama chemchemi. Tukawapa kwa mshipa, kidogo kidogo. Hakuna hata mmoja aliyetetemeka. Walikula, wakanenepa, manyoya yakang'aa. Nilijivuna kama mtu aliyeshinda maonyesho ya kilimo.

Tukaanza kudunga za nguvu. Tukangoja. Tukatoa damu masikioni, tukajaribu kwenye kigae, kwa chembe za Wekesa tulizolowesha kwenye maji ya damu ya Nafula.

Laini. Wote. Rangi ya kucha.

Tukadunga tena. Laini. Nafula alikuwa anapita kila kliniki, tumbo linatangulia sasa, na anachungulia dirishani. "Baba Sungura, wamekubali?"

"Bado, mama."

"Waambie mimi sina mwaka."

Manesi nao hawakutuacha. "Hezron, hao si ni supu tu sasa? Leta, sisi tuko na chumvi." Desai alikasirika, akaosha vioo ambavyo vilikuwa visafi. Mimi nilijua kosa ni langu, kwa sababu mimi huwa najua kosa ni langu hata mvua isiponyesha. Nilifikiri labda nimewalisha vibaya, labda majani yao ya lusani yalikuwa na umande.

Kilichotufungua macho ni kitu kidogo. Sungura wawili katika hao, Desai alikuwa amewadunga damu ya kondoo kwa kazi nyingine kabisa. Siku moja nikamwambia, "Bwana, hawa wa kondoo wanafanya kazi vizuri sana. Chembe zinashikana kama uji wa wimbi. Kwa nini wanasikia kondoo na hawasikii watu?"

Desai aliacha kuosha vioo. Alienda kumwita Daktari Njoroge.

Daktari alisikiliza, akatuuliza tulianzaje, tulitumia maji ya namna gani, sungura walikuwa na umri gani. Tulipofika kwenye kuzoesha, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa akaanza kucheka, si kwa dharau, alicheka kama mtu aliyepata ufunguo mfukoni mwake mwenyewe.

"Mzee Hezron," akasema, na wakati huo sikuwa mzee, alinipa tu, "kwenu mlikuwa na mbwa?"

"Tulikuwa naye."

"Alikula kuku?"

"Wa kwetu, hapana. Alilelewa nao. Wa jirani alikula."

"Ndio hivyo. Mmewalea sungura na kingamwili za watu. Mmewapa wakiwa watoto, kidogo kidogo, safi, bila kelele. Mwili ukipata kitu namna hiyo unasema, hiki ni cha hapa nyumbani. Zile chembe ambazo zingekipigania, nyingine zinakufa, nyingine zinalala. Hawana ugonjwa. Wamefundishwa kutulia."

Desai akauliza taratibu, "Kama sisi na zetu?"

"Kama sisi na zetu. Kila siku mwili wako unatengeneza kingamwili za namna nyingi ajabu. Kila moja ina umbo lake, na umbo lingine pengine ni jipya kabisa. Kwa nini usizishambulie? Kwa sababu tangu tumboni unaoga ndani yake. Za mama yako zilikuja kwanza, zako zikafuata, polepole. Yule askari anayejaribu kupigana nazo anaondolewa akiwa bado mwanafunzi, au ananyamazishwa." Halafu akatuambia ukweli, na kwa hilo nilimheshimu kuliko viatu vyake: "Hivyo ndivyo nilivyosoma. Wakubwa wenyewe bado wanabishana ni namna gani hasa. Na kuna watu mwili unasahau hilo somo, unaanza kujikamata. Hao ni wagonjwa sana."

Niliondoka pale nikiwa nimeinua kichwa, vijana, msinicheke. Tulikuwa tumeshindwa kazi, lakini kule kushindwa kulikuwa na maana. Pale kwenye vibanda vya mbao, mimi na Desai tulikuwa tumefanya kwa bahati mbaya jambo ambalo mwili wa kila mtu hufanya kimya kimya tangu hajazaliwa.

Ila Nafula alikuwa hangojei maana. Tukaanza upya. Sungura wakubwa, wa kununuliwa sokoni, ambao hawajawahi kukutana na kitu cha mtu zaidi ya mkono wangu. Safari hii hatukusafisha kupita kiasi, na Daktari alisema tuchanganye na shabu, hiyohiyo mnayotia kwa maji ya mto yakae. Dawa ikawa nzito, nyeupe, kama maziwa yaliyoganda. Hiyo ndiyo kelele. Unamwambia mwili, amka, mgeni ameingia na amevunja mlango. Desai alipoitazama sindano ile yenye ukungu alifumba macho. Kwake ilikuwa kama kutumwa kumpa mgeni chai kwa kikombe kichafu. Alifanya tu.

Na wakati sungura wanaamka, ilibidi tutafute damu ya kubadilishia, iliyokosa kile kitu kama ya Nafula. Ni watu wachache wako nayo. Daktari akasema twende mahali watu ni wengi, na mahali hapo palikuwa mkutano wa kampuni ya Wekesa huko Cheptiret, siku ya kupiga kura ya vipande vya shamba. Tukafika na sindano za kidole. Mzee mmoja akasimama, "Hawa wanataka kuangalia damu ya nani ndiyo ipewe upande wa mto!" Fujo ikaanza. Nusu wakataka kutobolewa kwanza, nusu wakataka kutufukuza. Wekesa akapanda juu ya trekta akasema, "Ni ya mtoto wangu. Mto chukueni." Wakapanga laini. Aliyepatikana alikuwa mwenye duka, mtu wa Murang'a, ambaye sababu yake pekee ya kusitasita ilikuwa nani atakaa dukani akiitwa.

Maji ya sungura wapya tulipoyajaribu mara ya kwanza, chembe zilishikana! Niliruka. Desai akasema, "Ngoja." Akachukua damu yangu mimi, mzima, akaweka. Ikashikana vilevile. "Pole, Hezron," akasema. "Kulingana na hii, hata wewe unahitaji kubadilishwa." Kumbe, kwa vile hatukusafisha sana, sungura pia alikataa chembe zenyewe za damu ya mtu, si kingamwili peke yake. Unachanganya dawa na chembe safi za mtu mzima, zinachukua kile kisichotakiwa, unazitupa, unarudia mpaka dawa imetulia kwa mzima na inashika kwa aliyekwama tu. Kazi hiyo niliifanya mimi. Mwisho tukapata kichupa kimoja kidogo. Desai akanipa kalamu nibandike lebo. Nilitaka kuandika jina la dawa, sikujua kuliandika. Nikaandika ELDORET.

Nafula alijifungua asubuhi ya mvua nyepesi, msichana. Damu ya kitovu ililetwa ndani ya koti la Daktari isipoe. Nikaosha chembe kwa maji ya chumvi, Desai akaweka tone, akaweka dawa, akatikisa kigae.

Laini.

Daktari akashusha pumzi. "Basi ni salama." Alikuwa tayari mlangoni.

Mimi ni mtu wa kujishuku, na mara nyingi hiyo ni taabu kwangu na kwa mke wangu. Asubuhi ile nilijiuliza: niliosha kutosha? Kwa sababu kingamwili zilizo huru kwenye maji ya damu zikibaki, zinaimaliza dawa kabla haijafika kwa chembe, na kigae kinakudanganya kwa uso mzuri. Nikasema, "Bwana, tuoshe tena."

Desai alikuwa ameshika bomba la maji ya chumvi tayari. "Hata mimi mkono wangu ulikuwa unakataa kuweka kigae chini."

Tukaosha wote wawili, tukamwaga, tukaosha, maji yakawa hayana rangi hata kidogo. Tone. Dawa. Tukatikisa. Kwanza hakuna kitu. Halafu pembeni vikatokea vijichanga, vikaongezeka, vikajaa kigae chote.

Daktari aliona. Alikimbia kwa vile viatu vyake kwenye matope mpaka wodini, na mwenye duka akaitwa.

Walimbadilisha damu kupitia mshipa wa kitovu, kutoa kidogo, kuweka kidogo, yeye Daktari mwenyewe ameinama mpaka mgongo ukakataa kunyooka. Rangi ya manjano ilikuja kidogo, ikaona aibu, ikaondoka. Msichana akanyonya. Mama mkwe alikuja na kuku, na Nafula akampokea vizuri, lakini kwanza alimwambia, "Mama, mwambie mtu wa Murang'a asante. Sasa ni ndugu yetu kwa damu, hata mkikataa."

Msichana huyo leo ni mwalimu, ana watoto wake. Simsifu kwa ajili yangu. Sifa ni ya wengi, na mkiigawa msimsahau Desai, ambaye hakuandikwa popote.

Siku walipotoka hospitali Wekesa alikuja kwenye vibanda na gunia la majani ya viazi vitamu. Akataka nimwonyeshe waliosaidia. Nikamwonyesha wale wakubwa wa sokoni. Akawamwagia. Halafu akaona kule mwisho wale wa kwanza, wanene, wanatafuna pole pole na kututazama.

"Na hawa? Ndio wale walikataa?"

"Hapana," nikamwambia. "Hawa hawakukataa. Hawa walitukubali. Walitukubali mapema mno, mpaka hawakuweza tena kutuona kama wageni."

Wekesa akafikiri, gunia begani. Kampuni yao wiki ile ilikuwa bado inagombania mpaka wa mto.

"Basi hao," akasema, "ndio watu wa kununua nao shamba." Akawamwagia gunia lote lililobaki.